Jina Lililolazwa Ukunguni

Seva mpya ilipanda mlimani ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto na kufungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki ya mjukuu wangu Nakunda. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile, hata taa ya pikipiki ilionekana kama kiini cha yai kinachoelea. Niliisikia injini kabla sijaona kitu, nikatoka mlangoni mwa Nyumba ya Majina, kanga begani, nikasimama kumsubiri.

"Bibi, shika huku," alisema. "Polepole. Usiiinamishe."

"Kwani ina maziwa ndani?"

"Sasa hivi haina kitu. Kabla ya jioni itakuwa na ninyi wote."

Tuliiingiza ndani tukaiweka kwenye meza ya mninga, ubavuni mwa ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa inanguruma kama mzee mwenye kifua kibovu. Kwa miaka mingi ilikuwa imetubeba kijiji kizima, lakini vijiti vyake vya kumbukumbu vilianza kufa, na kila kijiti kilipokufa kuna mtu aliamka asubuhi hamjui mwanawe mpaka jua la mchana.

Nakunda alikuwa bado anafungua blanketi tukasikia hodi. Alikuwa jirani yangu Mzee Kirangi, na majani ya tangawizi yamemng'ang'ania suruali. Alimtazama Nakunda kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa watu.

"Hujambo, binti?"

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Akanigeukia. "Jirani, una mgeni?"

"Ni Nakunda huyu," nilimwambia.

Jina lile lilipotoka mdomoni mwangu, ushanga uliomo sikioni mwake ulilisikia, ukauliza mtambo, mtambo ukajibu. Mtu hajahesabu hata moja. Uso wa mzee ulifunguka kama dirisha.

"Aaa! Mchumba wangu! Ndiyo umeniacha tangu masika, unarudi na chuma kwenye blanketi badala ya mtoto?"

"Mtoto na nani, Babu? Wewe mahari hujaleta."

"Nimeleta tangawizi. Mjini huko wanaume wenu wanaleta nini? Maneno."

Akacheka mpaka akakohoa, akatuachia fungu la tangawizi mlangoni, akarudi shambani kwake akiimba.

Ndivyo tunavyoishi Ukunguni. Mtu akilala, watu wanamtoka. Mikono haisahau, utaamka unajua kulima, kusuka, kusonga ugali, na sala zako utazikuta mdomoni. Ila watu na mambo yao, ukungu unavichukua wakati umefumba macho. Ukifumbua, ushanga unakupa salamu za asubuhi: wewe ni fulani, huyu aliyelala pembeni ni fulani, jana mlisema hivi na hivi. Waliobaki unawapata kutwa nzima, kila jina linapotajwa. Nakunda hayamkuti hayo kwa sababu kila akija kwetu, jioni anashuka kulala bondeni, chini ya mstari wa ukungu.

Alichomeka nyaya, akawasha, taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa. Akaingiza programu yenyewe kutoka kwenye kidude kidogo kama ukucha, akaiacha ijifungue. Nilivuta kigoda nikakaa. Mimi ndiye mtunza nyumba ile, na mtambo nisioujua tabia yake siwezi kulala nao kijiji kimoja.

"Inafanyaje kazi tofauti na ile seva ya zahanati?" nilimuuliza.

"Ile ya zahanati inaandika kwenye diski. Ukiiuliza kitu inakwenda kutafuta, kama mtu anayeingia stoo na koroboi. Hii inashika kila kitu kichwani. Ukiuliza, jibu lipo mdomoni tayari."

"Kwa nini na sisi tusiwe na ya stoo? Si ndiyo salama?"

"Bibi, alfajiri kijiji kizima kinauliza kwa pamoja. Stoo ikichelewa, mtoto anamwona mama yake anadhani ni jini."

Nilikubali. Nimewahi kuona mtoto akimkimbia mama yake, sitaki kuona tena.

"Na umeme ukikatika?"

"Kila baada ya muda inapiga picha ya kichwa chake, inaiweka kwenye diski. Ikizimika, siku ikiwaka inasoma ile picha, inajikumbuka. Lakini picha ni moja tu. Mpya inafuta ya zamani."

Kisha akaandika neno moja kwenye kioo: *Upo?*

Mtambo ukajibu: *Nipo.*

Tulitazamana tukacheka wote wawili, kama watu waliosikia kichanga kinapiga chafya ya kwanza. Akauambia usikilize shanga za Ukunguni tu, sauti nyingine yoyote ya kutoka nje usiijibu. Akaniachia niweke neno la siri mwenyewe, akageuka ukutani nilipokuwa naandika kwa kidole kimoja. Akaupimia kichwa chake mpaka wa kujaa, kwa sababu, alisema, ukiuacha ujaze kila mahali utakosa pa kuhemea na utaanguka na majina yote.

Hapo ndipo mtambo ulipotuuliza swali lake. *Kichwa kikijaa nifanyeje?*

"Kuna njia tatu," Nakunda alisema. "Ya kwanza, ukatae vipya."

"Mtoto akizaliwa?"

"Hatapokelewa."

"Hapana."

"Ya pili, utoe jina lolote kwa bahati."

"Watu si karata, mjukuu wangu."

"Ya tatu, utoe lile ambalo halijaitwa kwa muda mrefu kuliko yote."

Nililifikiria hilo. Nje ukungu ulikuwa unapita dirishani kama kundi la kondoo lisilo na mchungaji. Nilifikiria wachuuzi waliowahi kupita mara moja na kuondoka, na mafundi wa barabara ambao hawakurudi. Majina yao yalikuwa yamekaa mle kama vyombo vya wageni, hayaguswi na mtu.

"Hiyo ya tatu," nilisema. "Jina lisiloitwa na yeyote tunamwekea nani?"

"Hata mimi naona hivyo," alisema, akaandika.

Majina yakaanza kuhama kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine. Hakuna kitu cha kuona, taa tu za kijani, lakini mimi nilikaa pale nikahisi kama kijiji kizima kinavuka mto usiku wa ndoto, kila mtu amebeba viatu vyake mkononi.

*

Ile seva ya zamani Nakunda hakuizima. Aliiacha ingurume pembeni na majina yake ndani, kwa tahadhari, akasema atakuja kuizima mvua zitakapoanza na jua kupungua, maana paneli za juu ya bati hazingeweza kulisha midomo miwili.

Siku zikapita kwa ulaini. Mtambo mpya ulijibu upesi mpaka watu wakaanza kusema ndoto zao zimekuwa nyepesi. Asubuhi nilikuwa nakwenda kisimani kwa njia inayopita kwa Mzee Kirangi, na kila nilipofika kwenye ua wake wa michongoma miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilikuwa nimeshika mchicha mkononi, au boga, sijui nimemchumia nani. Nikamaliza kwa kumpa yeye.

"Karibu uji, jirani," alikuwa ananiambia.

Alikuwa anamimina mabakuli mawili. Kila asubuhi mkono wake ulimimina mabakuli mawili, moja akaliweka upande wake, jingine akalisukuma ng'ambo ya mkeka ambako hakuna mtu. Akalitazama kidogo, akacheka.

"Naona nina njaa ya watu wawili mimi," alisema, akayanywa yote.

Kwenye mwimo wa mlango wake ulikuwa umefungwa ugwe wa mgomba. Mgeni angeona kamba tu. Sisi tunajua: nyumba yenye ugwe ina jina lililolazwa.

Desturi hiyo hatukuikuta, tuliitengeneza wenyewe baada ya kuumia. Miaka ya kwanza ya ukungu, mtu akifiwa alikuwa anafiwa kila siku. Anaamka mtupu, ushanga unampa mke wake, anageuka kumtafuta kitandani, ushanga unampa na kaburi. Hajanawa uso. Kesho hivyo hivyo, kilio kile kile cha siku ya kwanza. Mama mmoja wa mtaa wa juu alifiwa na mwanawe namna hiyo mpaka akakataa kulala kabisa, na hakuishi sana.

Basi tukakubaliana. Mtu akifa, jina lake linatolewa kwenye salamu za asubuhi, na hakuna mdomo unaoruhusiwa kulitaja. Wageni wanaonywa kabla hawajavuka daraja. Linabaki ndani ya mtambo limenyamaza, na baada ya usingizi mmoja hata sisi hatujui tena ni nani, tunaona ugwe tu mlangoni. Linalala hivyo mpaka tangawizi iliyopandwa wiki ya msiba ing'olewe. Siku hiyo tunapika makande, kijiji kinakusanyika uani kwa mfiwa, ugwe unakatwa, na mimi mtunza nyumba nauambia mtambo umwamshe aliyelala. Anarudi kwetu sote kwa pamoja, na kifo chake, na sauti yake. Tunalia mara moja, tumeshikana. Baada ya hapo anaingia kwenye salamu za asubuhi akiwa marehemu mpendwa, na msiba wake hauumi tena kama kidonda kibichi, maana mwili wa mfiwa umekwishapumzika.

Tangawizi ya Mzee Kirangi ilikuwa imekomaa.

*

Siku ya kuamsha ilikuja na manyunyu. Nakunda alipanda mapema akiwa na koti la mvua, akasema leo tukimaliza atazima ile ya zamani, betri hazifiki jioni. Makande yalikuwa yanachemka kwenye masufuria matatu. Watu walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, wamevaa vizuri, na macho yao yalikuwa na ile hali ya kungoja mtu usiyemjua ambaye unajua utamlilia.

Mama Tumsifu, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa bure, alimchokoza mzee. "Leo Kirangi tutajua kama ulikuwa na mke au ulikuwa na mbuzi."

"Nikikuta nilikuwa na mke nitamshukuru Mungu," alijibu. "Nikikuta nilikuwa na mbuzi nitakuuliza nani alimla."

Walicheka. Hicho ndicho kicheko cha kabla ya kuamsha, kila mtu anakitoa haraka kwa sababu anajua kinachofuata.

Nilikata ugwe kwa kisu. Nikashika ushanga wangu kwa vidole viwili, kama inavyotakiwa, nikasema kwa sauti: "Aliyelala nyumba ya Kirangi aamke."

Nilisubiri. Kwa kawaida huwa kama mlango unaofunguliwa kwenye chumba chenye jua. Safari hii ushanga ulisema neno moja.

*Hakuna.*

Nilirudia. *Hakuna.* Nikayapanga maneno vizuri, nikataja nyumba, ukoo, na mtaa. *Hakuna.*

Manyunyu yaliendelea kugonga turubai. Mtu mmoja akaguna. Mama Tumsifu akasema, "Kumbe mbuzi kweli," lakini hakuna aliyecheka, naye akajiziba mdomo na kanga.

Nakunda alikuwa amesimama nje ya turubai na mvua inamdondokea. Akafanya jambo ambalo kwetu ni mwiko mkubwa: akalitaja.

"Niendiwe," alisema. Akarudia kwa nguvu, kama mtu anayemwita mtu ng'ambo ya korongo. "Niendiwe!"

Nilijikunja nikisubiri kilio. Hakuna aliyelia. Hakuna hata aliyegeuka. Jina lilipita juu ya vichwa vyetu kama jina la mji wa mbali. Mimi mwenyewe nililisikia, nikaona ni jina zuri, basi. Mzee Kirangi alikuwa anachokonoa matope kwenye kandambili yake.

"Kama hakuna, hakuna," alisema hatimaye. "Ugwe labda tulifunga kwa makosa. Leteni makande, watoto wana njaa."

*

"Ni sisi," Nakunda aliniambia tulipofika Nyumba ya Majina. Alikuwa ameinama juu ya kioo, maji yanamtiririka kwenye nywele. "Kichwa kilijaa. Kikatoa wachuuzi na mafundi, kisha kikatoa jina ambalo halijaitwa kuliko yaliyobaki. Sasa Ukunguni jina gani haliitwi, Bibi?"

Nilikaa kwenye kigoda. Tuliuambia mtambo umtoe asiyetajwa, wakati sisi wenyewe tumeapa kutomtaja. Mahali pengine popote duniani ile ingekuwa kanuni nzuri. Kwetu ilikuwa ni kumfukuza marehemu kwa adabu yetu wenyewe.

"Mimi nilidhani aliyelazwa mnamweka pembeni," alisema.

"Pembeni wapi? Pembeni kwetu ni humo humo. Picha ya diski je?"

"Picha ni ya kichwa kilivyo leo. Aliyetoka hayumo." Akageukia mtambo wa zamani uliokuwa unakohoa, akaandika. "Ila huku yumo. Yumo mzima, Bibi. Na betri inakwisha. Mtambo huu haupigi picha; jua likizama, huyu anazimika na hawaki tena."

Basi ilikuwa ni jambo la kunyoosha mkono. Kumtoa huku, kumweka kule, kuweka alama asiondolewe. Nikasema, fanya. Nakunda akanyoosha mkono, na hapo tukasikia hodi.

Mzee Kirangi aliingia na kofia yake mkononi. Alikuwa amewaacha watu wanakula.

"Jirani," aliniambia, "nimemwona mtoto huyu usoni. Kumbe yupo, eh? Hamkukosea mlango."

Mimi sidanganyi watu ndani ya nyumba ile. "Yupo kwenye mtambo wa zamani. Tunaweza kumrudisha kabla jua halijazama."

Akakaa kizingitini, mgongo kwetu, akitazama nje.

"Mimi si mjinga. Mwanamume hamimini mabakuli mawili ya uji kila siku bila sababu. Kuna mtu alikuwa anakaa ule upande wa mkeka. Lakini simjui, jirani. Nikilala nalala. Nikiamka naimba, umenisikia ninavyoimba."

"Nimekusikia."

"Mnataka kunipa mtu, halafu dakika hiyo hiyo mninyang'anye. Wengine mliwaamshia wakiwa wamejiandaa. Mimi nimeshaambiwa hakuna, moyo wangu umeshakaa chini. Sitaki kuusimamisha tena."

"Alikuwa wako, Babu," Nakunda alisema.

"Kwa hiyo ni haki yangu kumkataa, mchumba. Zima." Akavaa kofia yake. Hakuwa na hasira. Alishuka ngazi taratibu, na ukungu ukamfunika kuanzia miguuni.

Mimi ni mtu wa subira, mtambo wa zamani ukinguruma naweza kuusikiliza kutwa. Nilijiuliza, mtu akisema hataki kumjua, nani anayemsemea yule asiyejulikana? Yeye hana mdomo. Lakini huyu mwenye mdomo amekwishasema, na amesema vizuri, na anaimba. Ni mkono wa nani basi unaoruhusiwa kuingia kichwani mwa mwenzake na kupanda kilio, hata kama kilio hicho ni mali yake?

"Zima," nilimwambia Nakunda. "Mzee amesema."

Hakuzima. Alikuwa ananitazama, machozi yanamlengalenga.

"Bibi," alisema, "yule si wake peke yake."

"Ni wa nani mwingine?"

"Siwezi kukuambia. Nikikuambia bila kumrudisha nitakuwa nakupa maneno matupu. Utasema asante kama unayeambiwa habari za mtu wa gazetini. Uliona pale uani."

Nikaitazama mikono yangu. Nilikumbuka mchicha na boga, na miguu inayosimama kwenye ua wa michongoma. Nilikumbuka jioni ninapokaa barazani vidole vyangu vinavyosuka hewa, mistari midogo midogo, kama kuna kichwa cha mtu kati ya magoti yangu. Nilidhani ni uzee.

"Mrudishe," nilisema. "Muwekee alama asiondolewe. Kwenye salamu za mzee usimtie. Tia kwenye zangu tu."

"Ukimpokea hutaweza kumtaja mbele yake. Ushanga wake ukisikia tu, anapata yote. Na wewe unamwona kila siku, Bibi. Unakunywa uji wake."

"Nitafunga mdomo wangu."

"Mpaka lini?"

"Wewe mrudishe, mama."

Taa za kijani zilipepesa upande huu, zikapepesa upande ule. Nakunda akaweka kiganja juu ya mtambo wa zamani, kama mtu anayemfunika mtoto, akauzima. Kile kikohozi kikakatika. Sikujua nyumba ile ina ukimya mkubwa kiasi kile.

Akainama kwenye sikio langu, akalitaja jina kwa kunong'ona.

Mwanzoni ilikuwa harufu, moshi wa kuni mbichi na mafuta ya nazi kwenye nywele. Kisha uzito, mtoto mgongoni mwangu, mimi mwenyewe mtoto, nimembeba na mkono wake umeshika sikio langu. Niendiwe. Mdogo wangu wa tumbo moja. Akakua mbele ya macho yangu kwa pumzi moja, akacheka na pengo la meno, akaolewa ng'ambo ya ua wa michongoma ili asiwe mbali nami. Nikamwona jioni kwenye baraza, kichwa kwenye magoti yangu, ananiambia nisivute sana, dada, unaniumiza, na mimi namwambia tulia. Nikaiona homa. Nikajiona nimeshika miguu yake ikipoa.

Nakunda alinishika mpaka mwili ulipotulia. Kisha ikambidi ashuke kabla ukungu haujafunga barabara. Nilimwambia aende, hili si la kungojewa.

*

Nilitoka nikakaa kwenye jiwe nyuma ya Nyumba ya Majina, ambako hakuna njia ya watu, ili nilie bila kuulizwa. Mwanga ulikuwa unakwisha, rangi ya majivu yenye maziwa. Sikusikia nyayo. Nilimwona Mzee Kirangi alipokuwa hatua chache tu, bakuli la makande mkononi, limefunikwa kwa jani la mgomba.

"Hukula," alisema. Kisha akaniona uso. "Jirani? Unamlilia nani?"

Ningeweza kusema jino, moshi, au chochote. Lakini nilikuwa nimetoka kumpata muda ule ule, na kumkana ndilo jambo ambalo mdomo wangu ulikataa.

"Namlilia mdogo wangu."

"Hukuwahi kuniambia una mdogo."

"Sikuwa najua. Nimempata leo."

Alisimama na bakuli lake. Nilimwona anafikiri, na nilimwona anafika. Mzee yule si mjinga, alikwishasema mwenyewe. Alitazama ua wa michongoma, akatazama Nyumba ya Majina iliyokuwa haingurumi tena, akanitazama.

"Mlimrudisha."

"Nilimrudisha kwangu. Kwako sikumtia. Ulikataa, na kukataa kwako kupo palepale. Sitakutajia, hata tukizeeka mpaka tuote ukoga."

"Kwa hiyo utakuwa unakuja kwangu asubuhi, unakunywa uji, unamlilia moyoni, na mimi naimba."

"Uimbe. Unaimba vizuri."

Ukungu ulipita kati yetu, akapotea, akatokea tena, yuko karibu zaidi kuliko kabla.

"Mimi nilikataa kilio changu," alisema polepole. "Chako sikukikataa. Hakuna mtu aliyeniuliza habari ya chako." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Aliitwa nani?"

"Ukilisikia haturudi nyuma. Leo utalia kama siku ya kwanza. Na kesho."

"Kesho nitakuwa na wewe ng'ambo ya ua. Aliitwa nani, jirani?"

Nilimtazama nione kama ananionea huruma tu, maana kwa huruma nisingesema. Haikuwa huruma. Alikuwa ameinua kidevu kidogo, kama mtu aliyesimama mtoni anajiandaa kwa maji baridi.

"Niendiwe," nilimwambia.

Bakuli lilishuka polepole mkononi mwake mpaka likagusa majani. Nilimwona anampokea, miaka yote kwa mfululizo, macho yanakwenda huku na huku kama ya mtu anayeota, yanatabasamu, yanashtuka, yanatabasamu tena. Kisha yakasimama mahali pamoja, nikajua amefika kwenye homa.

Sikumgusa. Nilingoja.

"Shemeji," akaniita, na sauti ilikuwa imevunjika katikati. "Umekaa naye hapa peke yako tangu saa ngapi?"

"Tangu jua linazama."

"Basi sogea," alisema. Nikasogea, akakaa kwenye jiwe.